Asali ya Marigu na Mashine Isiyo na Ulimi

Nyinyi mnaochapa siku hizi mnanichekesha. Mtu anakuja na picha kwenye simu, mnabonyeza hapa, mnabonyeza pale, karatasi inatoka, mnamkabidhi na kusema kazi imeisha. Mimi nimesimama mbele ya mashine za uchapaji pale Embu mjini tangu nikiwa msichana mwembamba. Siku niliyostaafu, viatu vyangu vya kazi nilimpelekea dada yangu kule Kanyakine, na sasa anapalilia navyo mahindi. Sina kinyongo na mashine zenu. Kinachoniudhi ni kwamba hamjaribu kazi zenu, na mkizijaribu, mnazijaribu mezani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Kirimi, Mmeru mwenzangu, mtu wa hasira za haraka na huruma nyingi. Yeye alianza enzi za kupanga herufi za madini ya risasi kwa mkono. Kompyuta zilipoletwa alinuna, hataki hata kuzitazama, halafu akazijua kuliko sisi wote. Alikuwa na sheria moja tu. "Kagwiria," angeniambia, "usijaribu kazi mezani kwako. Ijaribu kule itakapoishi." Kama ni bango la dukani, libandike juani. Kama ni lebo ya chupa ya friji, iloweshe kwanza. Tulimwona msumbufu. Nilipobaki bila yeye ndipo nilipoanza kumwelewa, na mpaka leo nikikosea kitu jikoni namsikia akiguna.

Sasa, katika kazi zote hakuna inayotaka sheria hiyo kama hii ya maandishi ya mashine. Nasema ile mistari myeusi iliyo kwenye pakiti ya unga, na vile vimraba vya madoadoa mnavyomulika kwa simu. Hayo ni maandishi kama maandishi mengine, ila hukuandikiwa wewe. Yameandikiwa mashine, na mashine ni msomaji mgumu. Wewe ukiona neno limefutika kidogo, utakisia. Mashine ya mistari haikisii. Isipoona, inanyamaza, na kamwe haikwambii kwa nini imenyamaza.

Skana nyingi za dukani zinamulika mwanga mwekundu, kwa hiyo usije ukachapa mistari yako kwa wino mwekundu. Mwekundu mbele ya mwekundu haupo. Acha nafasi nyeupe kushoto na kulia, usiibananishe mistari na jina la kampuni wala picha ya ng'ombe. Chupa ikiwa nyembamba, ilaze mistari kama vidato vya ngazi, maana ukiisimamisha kama nguzo za ua, ile ya pembeni inajificha nyuma ya mzingo wa chupa. Na vile vimraba, afadhali vyenyewe. Vina uvumilivu. Ukifunika sehemu ndogo, vinajikamilisha. Mchungaji mmoja aliposikia hivyo akataka picha yake iwekwe katikati ya kimraba cha mkutano wa injili. Nikamwekea uso. Akataka na mabega. Nikamwekea mabega. Akataka na tai, maana ilikuwa mpya. Kimraba kikafa. "Mchungaji," nikamwambia, "hapa tuchague, waje mkutanoni au waione tai." Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kulikuwa pia na kijana wa benki aliyetaka kimraba cha ramani kwenye kadi za harusi yake, kiwe cha dhahabu juu ya karatasi ya rangi ya krimu. Nilimwambia hakitasomeka. Akaniambia, "Mama, lakini hiyo ndiyo theme yetu." Basi, theme ni theme. Siku yenyewe wageni waliotoka Meru walisimama kando ya barabara wakimulika kadi, wakiigeuza, wakiifuta kwa leso. Mwisho wakafuata spika walizozisikia kwa mbali. Walikula harusi ya watu wengine kabisa, na nasikia hata zawadi waliziacha huko.

Hayo ni ya kucheka. Ya Marigu hayakuwa ya kucheka, na hayo ndiyo niliyowaitia.

Kule Ishiara kuna kikundi cha wanawake wanaofuga nyuki. Kila mmoja ana masanduku yake ya nyuki na anavuna asali yake, lakini wanauza kwa jina moja na lebo moja, kila mama na kreti yake. Mwenyekiti wao ni Wawira, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Duka moja kubwa la Embu mjini lilikubali kuuza asali yao, mradi kila chupa iwe na mistari ya skana. Wakaenda kwa kijana mmoja mwenye duka lake la uchapaji, wala si letu, wakamweleza wanachotaka.

Walitaka lebo inayoonyesha ndani, ya plastiki safi, yenye maandishi meusi tu. Na walikuwa na sababu. Mnunuzi wa asali wa huku kwetu ni mtu wa kushuku. Atainua chupa aielekeze kwenye jua. Ataipindua aone povu linavyopanda. Atamwaga tone mchangani aone kama litajiviringa au litalowa. Ukimfunikia chupa kwa karatasi, atakuuliza unaficha nini. Basi yule kijana akawachapia, akabandika lebo moja kwenye chupa tupu, akaiweka juu ya meza yake nyeupe, akamulika. Pii! Kila mtu akafurahi. Simlaumu yule kijana. Chupa tupu ndiyo iliyokuwa mezani.

Asali ikajazwa, ikapelekwa. Kreti ya Wanja ndiyo iliyotangulia. Wanja ni jirani yake Marigu, boma kwa boma, na asali yake ilikuwa imeganda, nyeupe kama uji. Pii, pii, pii, zote zikapita. Ikaja kreti ya Marigu. Asali yake ilikuwa nyeusi, ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Skana ikanyamaza. Karani akafuta lebo kwa mkono wa shati lake, akajaribu tena, ikanyamaza. Akajaribu nyingine na nyingine. Akasema, bila ubaya wowote, "Hizi hazisomi. Mrudi nazo."

Maneno hayo yalipofika Ishiara yalikuwa yamebadilika. Sokoni walikuwa wanasema mashine ya duka imeikataa asali ya Marigu. Na kama mashine imeikataa, basi kuna kitu ndani. Kufikia jioni kile kitu kilikuwa na jina: sukari nguru. Marigu amechemsha sukari nguru akachanganya, ndiyo maana asali yake ni nyeusi hivyo.

Msiwacheke. Mashine ni ileile, lebo ni ileile, siku ni moja. Ya Wanja inakubaliwa, ya Marigu inakataliwa. Wewe ungefikiri nini? Tena watu wetu wamezoea kupimwa. Ukipeleka maziwa kwenye dairy, kuna kifaa kinatumbukizwa, na kikisema umetia maji, umetia maji, hata ulie. Presha inapimwa na mashine, sukari ya damu inapimwa na mashine. Kwa nini asali isipimwe? Hata ule ukweli kwamba wanunuzi wetu huishuku zaidi asali iliyoganda, wakisema ndiyo yenye sukari, ulisahaulika siku hiyo. Mashine ilikuwa imesema.

Wawira na Marigu walikuja kwangu wakiwa na kreti. Mtu alikuwa amewaambia kwamba nami nina skana. Wateja walizoea kuniita Mama Kinya, kwa jina la mwanangu.

"Mama Kinya," Wawira akasema kabla hajakaa, "tunataka utusomee hizi chupa moja moja. Ile iko na sukari tuijue, ile haina tuijue. Tumalize hii maneno."

Nikacheka. Marigu hakucheka, nikanyamaza. Alikuwa mwanamke mfupi aliyefunga kitambaa chake vizuri sana, kama mtu anayekwenda kanisani, na mikono yake alikuwa ameikunja mapajani.

"Jumamosi kikundi kinakaa," akasema. "Wanataka kunitoa. Hicho kikundi ndicho kilinizikia mzee wangu. Hao wamama walipika, wakalala kwangu, wakanishika mkono. Wakinitoa, Mama Kinya, mimi nitasalimia nani Ishiara?"

Nawaambia ukweli, nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Wawira mwenyewe alikuwa anatazama dirishani. Alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hawezi kusema mashine ya watu wa mjini imekosea.

Nikaanza kazi. Nilibandua lebo ya chupa ya Marigu polepole, nikaibandika kwenye karatasi nyeupe. Pii! Lebo ilikuwa nzima. Nikaibandua, nikaibandika kwenye chupa moja ya Wanja waliyokuja nayo. Pii! Nikairudisha kwenye chupa ya Marigu. Kimya.

"Umeona?" Wawira akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Umeona sasa? Ni asali."

Marigu alifumba macho. Mimi nikaigeuza chupa mkononi. Halafu nikamsikia mzee Kirimi akiguna. Ijaribu kule itakapoishi. Lebo hii haikuwa inaishi juu ya karatasi. Ilikuwa inaishi juu ya asali.

Nikachukua kipande cha karatasi nyeupe, si kikubwa, nikakipenyeza chini ya lebo, nyuma ya mistari tu. Nikamulika. Pii!

"Rudia," Wawira akasema.

Nikarudia. Pii!

Niliwaeleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Skana haioni ndani ya chupa. Inatupa mwanga, halafu inangoja mwanga urudi. Penye mstari mweusi haurudi, penye weupe unarudi, na kwa kupanga hayo ndiyo inasoma namba. Lebo ikiwa inaonyesha ndani, ule weupe katikati ya mistari ni chochote kilicho nyuma. Nyuma ya lebo ya Wanja kulikuwa na asali nyeupe. Nyuma ya lebo ya Marigu kulikuwa na asali nyeusi, mwanga ukazama humo usirudi. Mistari myeusi juu ya weusi, nani angeisoma?

"Kwa hivyo haijaonja," Marigu akasema.

"Haina ulimi, mama yangu. Inasoma namba tu."

Alirudia maneno hayo, haina ulimi, kama mtu anayeyaweka mahali atakapoyapata. Wawira yeye alikuwa ameshasimama. Alitaka nichape lebo zenye kiraka cheupe nyuma ya mistari, kidogo tu ili wanunuzi waendelee kuiona asali, na alitaka nije Ishiara Jumamosi na skana yangu, niimulike chupa ya Marigu mbele ya kila mtu. Ikilia, maneno yameisha. Nikaona ni mpango mzuri. Nilikubali.

Jumamosi wanawake walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa kanisa, wameketi kwenye mabenchi, wengine na watoto mgongoni. Wanja alikuwa ameketi mbele, na Marigu nyuma kabisa karibu na mlango, kiondo chake kati ya miguu. Nikaunganisha skana kwenye kompyuta niliyokuwa nimeiwekea namba yao na jina lao. Wawira akaitoa chupa ya Marigu yenye lebo mpya, akaizungusha ili wote waone kwamba asali ni ileile nyeusi, akanipa. Nikamulika.

Pii!

Jina likaandikwa kwenye kioo, ASALI YA ISHIARA, herufi kubwa. Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Mama mmoja mzee akainua mikono. "Ngai asifiwe! Mashine imemkubali!" Wengine wakaitikia. Wawira akanitazama akitabasamu, jasho likimtoka. Nami nilijaribu kuanza kueleza habari ya mwanga na kiraka, lakini nani alikuwa anasikiliza? Walikuwa wanampigia makofi Marigu. Nikasema moyoni, acha, yameisha vizuri.

Marigu akasimama. Akaja mbele na kiondo chake, akatoa chupa nyingine, nyeusi kama ile ya kwanza, haina lebo.

"Mama Kinya, nipe lebo moja ya ile mpya."

Nikampa. Akaibandika mwenyewe, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka ikalala sawa.

"Mulika."

Hapo nilielewa anachotaka kufanya, na nilimkonyeza aketi. Alikuwa ameshapona. Hakuna aliyekuwa anamdai neno lolote. Hakunitazama.

"Mulika, mama."

Nikamulika. Pii! ASALI YA ISHIARA.

Makofi yakaanza tena, akayakata kwa mkono. Akafungua kifuniko, akampa Wawira. Wawira akanusa, akachovya, uso ukambadilika. "Marigu! Hii si ni sukari nguru?"

"Ni sukari nguru na maji. Nimechemsha asubuhi nikiwa nawapikia kuku. Na hiyo mashine imesema nini? Imesema ni asali."

Wawira alijifuta kidole kwenye leso. Mimi nilijisikia vibaya, kwa sababu ile skana iliyokuwa mkononi mwangu ndiyo iliyokuwa imemtoa kwenye aibu, na yeye alikuwa ameirudisha aibu yote mezani kwa hiari yake.

"Haijui asali," Marigu akasema. "Ile siku ilinikataa haikuwa inajua, na leo imenikubali haijui. Mimi sitaki inikubali. Kama ni karatasi ya Mama Kinya ndiyo inanifanya mwaminifu, siku itabanduka nitakuwa mwizi tena."

Yule mama mzee aliyekuwa amemsifu Mungu aliuliza, kwa unyonge kabisa, "Sasa sisi tutajuaje?"

"Mlikuwa mnajuaje kabla ya mashine?"

Akaichukua chupa yake ya asali, ile ya kweli, akaifungua, akaiweka katikati ya meza. Halafu akaketi kwenye benchi la mbele na kungoja, mikono imekunjwa mapajani vilevile kama alivyoketi dukani kwangu. Hakuna aliyeinuka. Nilitaka kuinuka mimi, lakini ulimi wangu haukuwa na kazi pale. Mimi ni mgeni wa kutoka Kanyakine, sijui asali yao. Ilibidi awe mtu wa kwao.

Aliyeinuka mwishowe ni Wanja. Alitembea kama mtu anayeumwa magoti. Akachovya kidole, akakitia kinywani, akakaa nacho hapo kwa muda. Nikaona machozi yameanza kumtoka kabla hajasema chochote.

"Hii ni ya migunga ya kule chini kwa mto," akasema. "Ni asali. Iko na ile harufu yake ya moshi kidogo." Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Marigu, mimi nilijua. Ile siku kreti ilirudi nilionja nyuma ya jikoni, peke yangu. Nilijua ni asali."

"Na hukusema."

"Mashine ilikuwa imeshasema. Nikafikiri ni ulimi wangu uko na shida."

Marigu alimtazama jirani yake. Nilikuwa karibu nao, niliuona uso wake, na haukuwa na ushindi wala hasira, ulikuwa umechoka tu. Ndipo akaunyoosha mkono, akaisukuma chupa mpaka ikagusa vidole vya Wanja.

"Onja tena," akamwambia. "Halafu uwageukie, uwaambie wote."

Wanja akaonja, akageuka, akawaambia.